Kutetemeka si ugonjwa mmoja: picha za ubongo zinavyotenganisha Parkinson na maradhi yanayofanana nayo

Mzee anapoanza kutembea kwa hatua fupi, uso ukakosa tabasamu na mkono mmoja ukawa unatetemeka akiwa ameketi, watu wa nyumbani huwa na majibu matatu: ni uzee, ni presha, au kuna mkono wa mtu. Wakifika hospitalini huongezewa la nne, ugonjwa wa Parkinson. Jibu hilo la nne mara nyingi ni sahihi, ila si kila mara. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mgonjwa atapewa dawa ya kumsaidia kwa miaka mingi, au ataondolewa dawa inayomdhuru, au atapelekwa kufanyiwa upasuaji, au jamaa zake watajiandaa kwa ugonjwa unaokwenda kasi zaidi.

Makala haya yanaeleza ni nini picha za ubongo zinaweza kuonyesha katika maradhi haya, ni nini haziwezi, na mambo ambayo mkazi anapaswa kuuliza kabla ya kulipia picha.

Jina moja, magonjwa mengi

Mwaka wa 1817 daktari James Parkinson wa London alichapisha kijitabu kuhusu ugonjwa aliouita kupooza kwa kutetemeka. Aliwaeleza wagonjwa sita, na baadhi yao hakuwapima kamwe. Aliwaona tu barabarani. Hakuwa na mashine yoyote. Hadi leo utambuzi huanza vivyo hivyo, kwa macho na mikono ya daktari. Anaangalia mambo matatu: mwili kupoteza wepesi wake, misuli kuwa migumu, na kiungo kutetemeka mtu akiwa ametulia. La kwanza lazima liwepo, pamoja na mojawapo ya hayo mengine mawili. Mtu mwenye hali hiyo husemwa kuwa ana parkinsonizimu.

Neno hilo si jina la ugonjwa. Ni jina la hali, kama homa. Mtu mwenye homa anaweza kuwa na malaria, taifodi au nimonia, na hakuna daktari mwangalifu anayetibu homa bila kuuliza imetoka wapi. Parkinsonizimu nayo ina asili nyingi.

Asili ya kawaida zaidi ni ugonjwa wa Parkinson wenyewe. Katika shina la ubongo kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi, ambayo seli zake hutengeneza kemikali iitwayo dopamini na kuipeleka kwenye eneo la ndani zaidi linalosaidia kuongoza mwendo wa mwili, striatamu. Seli hizo zikifa, dopamini hupungua na mwili huwa mzito. Dawa ya levodopa hugeuka kuwa dopamini ndani ya ubongo, na wagonjwa wengi wa Parkinson hupata nafuu ya wazi.

Kisha kuna maradhi mengine ambayo huanza kwa sura hiyo hiyo. PSP, ulioelezwa na madaktari wa Toronto, Kanada, mwaka wa 1964, humfanya mtu aanguke mapema, mara nyingi kinyumenyume, na baadaye ashindwe kuteremsha macho kuangalia ngazi au sahani iliyo mbele yake. MSA huvuruga pia presha na mkojo: mtu akisimama anaona giza, na kibofu hakimtii. Ugonjwa wa kortikobasali hushika upande mmoja, mkono ukawa mgumu na usiofuata amri ya mwenyewe. Demenshia ya Lewy huja na kusahau kunakopanda na kushuka, na mgonjwa huona watu au wanyama ambao hawapo. Katika yote manne levodopa husaidia kidogo, au kwa muda mfupi, au haisaidii.

Wako pia wanaougua kwa sababu nyingine kabisa: viharusi vidogo vidogo vilivyotokana na presha au kisukari, maji kujaa ubongoni, au dawa wanazokunywa. Na kuna mtetemeko wa kurithi, ule ambao mikono hutetemeka mtu anaposhika kikombe au kutia sahihi na kutulia anapoiweka mapajani. Huo hata si parkinsonizimu, lakini wenye nao huitwa wagonjwa wa Parkinson kila siku.

Kwa nini kosa ni rahisi

Mwaka wa 1992 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuchunguza ubongo wa watu 100 waliofariki wakiwa wamethibitishiwa na madaktari, walipokuwa hai, kwamba walikuwa na Parkinson. Chini ya hadubini, ni 76 waliokuwa nayo kweli. Waliobaki walikuwa na PSP, MSA, madhara ya mishipa ya damu na mengineyo. Hiyo ni nchi yenye madaktari wa neva wengi. Katika eneo ambalo mgonjwa humwona daktari bingwa wa neva mara moja tu, baada ya safari ya kwenda Nairobi, hakuna sababu ya kudhani kosa ni dogo zaidi.

Na makosa haya yana bei. Chukua mfano wa mgonjwa wa demenshia ya Lewy anayeanza kuona watu wasiokuwepo. Akichukuliwa kuwa mgonjwa wa akili wa kawaida na kupewa haloperidol, mwili unaweza kukakamaa, fahamu zikapotea, na wengine hufariki. Chukua mwingine mwenye PSP ambaye jamaa zake wameambiwa ni Parkinson. Wanasubiri dawa ifanye kazi, huku hakuna aliyewaonya kuhusu kuanguka wala kupaliwa na chakula, mambo ambayo kwa ugonjwa huo huja mapema na yanahitaji kujipanga.

CT skani: kutafuta yale yanayotibika

CT hutumia eksirei kuutazama ubongo vipande kwa vipande. Huchukua dakika chache, na hospitali nyingi za rufaa za kaunti nchini zina mashine hiyo. Isemwe wazi: CT haioni ugonjwa wa Parkinson. Faida yake ni kuondoa mambo mengine mezani. Mzee aliyeteleza bafuni wiki kadhaa zilizopita anaweza kuwa na damu iliyojikusanya kati ya fuvu na ubongo, ikimlemea taratibu. Uvimbe, makovu ya viharusi na mifuko ya maji iliyotanuka navyo huonekana.

Hilo la maji linastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu lina tiba. Mgonjwa hutembea kana kwamba nyayo zimenaswa na sumaku sakafuni, hushindwa kuzuia mkojo na huanza kusahau. Upasuaji wa kuweka mrija mwembamba unaopitisha maji hayo hadi tumboni unaweza kumrudishia mwendo. Lakini hata hapa picha haitoshi, maana ubongo wa mtu mzima sana husinyaa na kuacha nafasi inayojaa maji bila kuwa ugonjwa. Madaktari kwa hivyo hutoa kwanza kiasi cha maji kwenye uti wa mgongo, kisha humtembeza mgonjwa ukumbini wakiangalia kama amebadilika.

MRI: picha safi haimaanishi mtu mzima

MRI hutumia sumaku yenye nguvu badala ya eksirei, na huonyesha ubongo kwa undani zaidi ya CT. Mgonjwa hulala ndani ya mashine inayogonga kwa kelele, mara nyingi kwa nusu saa au zaidi.

Hapa ndipo jamaa wengi huvunjika moyo. Wamechanga, wameuza mbuzi, wamesafiri, halafu ripoti inasema ubongo uko sawa. Wengine huamua kwamba mgonjwa anajifanya. Wengine hurudi kwa mganga, kwa hoja kwamba mashine ya wazungu imeshindwa kuona. Ukweli ni kwamba katika ugonjwa wa Parkinson, MRI ya kawaida huwa safi. Sehemu inayoharibika ni ndogo mno, na seli zake hufa bila kubadilisha sana umbo la ubongo. Kwa mgonjwa mwenye dalili zote za Parkinson, picha safi inakubaliana na utambuzi huo, haiupingi.

Kazi kubwa ya MRI ni kuwakamata wale wengine, na wataalamu wa radiolojia wamezoea kuzipa alama zao majina ya vitu vya nyumbani na vya porini. Katika PSP, sehemu ya juu ya shina la ubongo husinyaa ilhali ile iliyo chini yake, ponsi, hubaki nene. Ubongo ukikatwa kwa picha ya ubavuni, shina hilo huonekana kama ndege mwenye kichwa kidogo na mdomo mrefu. Walioipa alama hiyo jina walimfikiria ndege mvumaji wa Amerika. Ndege huyo hayupo Afrika, ila anayemjua chozi, yule mdogo anayefyonza maua ya mgomba, ameshapata picha. Kwa kuwa jicho hudanganya, mwaka wa 2008 watafiti wa Italia wakiongozwa na Aldo Quattrone walichapisha kipimo cha hesabu kinacholinganisha ukubwa wa sehemu hizo mbili pamoja na unene wa njia zinazoziunganisha na ubongo mdogo ulio kisogoni. Mtaalamu aliyefunzwa anaweza kukipima kwenye picha ya kawaida ya MRI, bila kifaa cha ziada. Kwa hospitali zetu, pengine hiyo ndiyo habari yenye manufaa zaidi katika sayansi hii yote.

Katika MSA, nyuzi zinazopita kwenye ponsi hunyauka kwa namna inayoacha mistari miwili iliyokingamana, mfano wa msalaba juu ya vile vimkate vya Pasaka. Ubongo mdogo wa kisogoni nao husinyaa. Msalaba huo huonekana pia katika magonjwa machache ya kurithi yanayovuruga mizani ya mwili, kwa hivyo haujitoshelezi. Ugonjwa wa kortikobasali huonekana kwa kusinyaa kwa upande mmoja wa gamba la ubongo, upande ulio kinyume cha mkono unaosumbua.

Kuna ndege mwingine, mbayuwayu. Katika mtu mzima wa afya, kwenye ile sehemu nyeusi ya shina la ubongo, MRI ya aina maalumu huonyesha umbo lililochanika ncha mbili kama mkia wa mbayuwayu. Kwa mgonjwa wa Parkinson mkia huo hutoweka. Tatizo ni kwamba picha hiyo hutoka vizuri kwenye mashine za tesla 3, zenye nguvu maradufu ya zile za tesla 1.5, na kwamba mkia hutoweka pia mara nyingi katika PSP na MSA. Unasema kuna ugonjwa, bila kusema ni upi.

Alama hizi zote zina udhaifu mmoja ambao mgonjwa anapaswa kuujua. Zikiwepo, zina uzito mkubwa. Zisipokuwepo, hasa katika mwaka wa kwanza au wa pili, hazikanushi chochote, kwa sababu ubongo haujasinyaa vya kutosha kuonekana.

Koma na nukta

Aina nyingine ya picha haiangalii umbo la ubongo bali kazi yake. Mgonjwa huchomwa sindano ya dawa yenye kiasi kidogo cha mionzi, ambayo hujishikiza kwenye vibebeo vya dopamini vilivyo kwenye ncha za seli. Baada ya saa chache kamera hupiga picha ya mahali dawa ilipotulia. Huduma hii huitwa DaTSCAN. Iliidhinishwa Ulaya mwaka wa 2000 na Marekani mwaka wa 2011.

Picha yake inaweza kusomwa hata na asiye daktari. Katika ubongo wenye seli nzima, madoa mawili yanayong'aa huonekana, moja kila upande, yenye umbo la koma. Seli zikifa, mkia wa koma huanza kufutika hadi kubaki nukta, kwa kawaida upande mmoja ukitangulia.

Swali ambalo picha hiyo hujibu ni moja tu: je, seli za dopamini zimepungua? Kwa mwenye mtetemeko wa kurithi jibu ni hapana, koma zake ni kamili. Kwa mtu aliyepata parkinsonizimu kutokana na dawa, jibu pia ni hapana. Hili la pili lina uzito kwetu. Haloperidol na klopromazini hutumika sana katika kliniki za afya ya akili. Metoklopramidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Plasil, hutolewa kwa kutapika na wakati mwingine wagonjwa huendelea kuinunua wenyewe kwa miezi. Zote huzuia dopamini kufanya kazi, na kwa wazee hasa zinaweza kuleta sura kamili ya Parkinson. Daktari akizibadilisha au kuziondoa, wengi hupona ndani ya wiki au miezi. Picha ikionyesha koma kamili, daktari hupata ujasiri wa kufanya hivyo. Ikionyesha nukta, maana yake Parkinson ilikuwa tayari inakuja na dawa imeifichua tu. Mgonjwa wa akili asiache dawa yake mwenyewe kwa kusoma makala haya. Uamuzi huo ni wa daktari wake, kwani kurejea kwa ugonjwa wa akili nako kuna hatari zake.

Lisilojibiwa na DaTSCAN ni swali lenyewe la kutenganisha. Parkinson, PSP, MSA na demenshia ya Lewy zote huua seli hizo, na zote huacha nukta. Mtu aliyekwisha kuthibitika kuwa na parkinsonizimu isiyotokana na dawa hapati mengi kwa kulipia picha hii ili ajue ni ipi kati ya hizo.

Jambo la kuongezea kwa wakazi wa sehemu zinazotumia miraa na muguka: kathinoni iliyomo kwenye majani hayo hufanya kazi inayofanana na ya amfetamini, na amfetamini ni miongoni mwa vitu vinavyovuruga vibebeo vya dopamini na hivyo kuharibu usomaji wa picha. Daktari anayepanga kipimo hiki aambiwe ukweli.

DaTSCAN si huduma ya kawaida nchini. Madini ya iodini yenye mionzi yanayotumika hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya saa 13, na kuyaagiza kutoka ng'ambo ni mbio dhidi ya saa.

Sukari inayoungua

Mashine ya PET iko karibu zaidi. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi na Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta zina mashine hizo, pamoja na mitambo ya kutengeneza dawa yenye mionzi papo hapo. Hilo la papo hapo ni la lazima: florini inayotumika hupoteza nusu ya nguvu yake kwa dakika 110 tu. Kazi yake kubwa hapa nchini ni saratani, lakini kanuni ni ile ile. Mgonjwa hupewa sukari yenye mionzi, na mahali ubongo unapofanya kazi sana sukari nyingi huungua na kung'aa.

Hapa kila ugonjwa una ramani yake. Katika PSP giza huingia sehemu za mbele za ubongo na juu ya shina. Katika MSA giza hukaa kwenye putameni, ambayo ni sehemu ya striatamu, na kwenye ubongo mdogo. Kortikobasali hutia giza upande mmoja. Demenshia ya Lewy hutia giza kisogoni, panapofasiriwa yale macho yanayoona, jambo linaloendana na mgonjwa kuona visivyokuwepo. Katika Parkinson putameni haiingii giza. Mwaka wa 2010 watafiti wa New York walichapisha matokeo ya wagonjwa 167 ambao kompyuta ilizisoma picha zao za sukari bila kuambiwa chochote kuhusu dalili, kisha wagonjwa wakafuatiliwa na mabingwa. Kompyuta ilipomtaja mtu kuwa na Parkinson, MSA au PSP, ilikosea mara chache sana.

Wajapani wamechukua njia ambayo mtu asingeitarajia: hupiga picha ya moyo. Parkinson na demenshia ya Lewy huharibu neva zinazofika kwenye moyo, na dawa maalumu yenye mionzi hushindwa kushikilia pale. Katika MSA neva hizo kwa kawaida hubaki. Kisukari cha muda mrefu na ugonjwa wa moyo huvuruga kipimo hicho.

Hatua mpya zaidi inarudi kwenye MRI. Mwaka wa 2025 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Florida walichapisha matokeo kutoka vituo 21 vya Marekani na Kanada. Wagonjwa 249 walipigwa MRI inayofuatilia jinsi maji yanavyosogea kati ya seli za ubongo, na programu ya kompyuta ikatoa uamuzi: Parkinson, MSA au PSP. Ubongo wa 49 kati ya wagonjwa waliohusika ulichunguzwa baada ya kifo, na uamuzi wa kompyuta ulilingana na hadubini kwa 46. Ikilinganishwa na ile 76 kwa 100 ya mwaka wa 1992, ni hatua ndefu, ingawa wagonjwa si walewale na mashine zilikuwa za tesla 3. Uzuri wake kwa nchi kama hii ni kwamba hakuna sindano ya mionzi wala mtambo wa kuitengeneza.

Kabla ya kulipia

Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote bado ni levodopa yenyewe, ikitolewa kwa dozi ya kutosha na kwa muda wa kutosha chini ya uangalizi wa daktari. Mgonjwa akipata nafuu ya wazi inayodumu, Parkinson inakuwa na uwezekano mkubwa. Baadhi ya wagonjwa wa MSA hupata nafuu mwanzoni, hivyo miezi inayofuata ni sehemu ya kipimo. Kwa watakaoambiwa kuhusu upupu: ni kweli kwamba mbegu za mmea huo unaowasha zina levodopa ya asili. Hakuna anayejua kiasi kilichomo kwenye kijiko cha unga wa mwenye duka, na kuuchanganya na vidonge vya hospitali kunaweza kushusha presha au kumfanya mgonjwa aone mazingaombwe.

Mahali pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya cha karibu, na mhamasishaji wa afya ya jamii anaweza kuandika rufaa. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, nchi jirani ya Tanzania, uliochapishwa mwaka wa 2008, uligundua kwamba wengi wa waliokuwa na Parkinson hawakuwa wamewahi kutambuliwa na yeyote. Waliishi na dalili hizo wakidhani ni umri.

Mgonjwa anapokwenda, abebe dawa zote anazotumia, zikiwemo za kutapika, za kizunguzungu na za mitishamba, kwenye mfuko mmoja. Jamaa anayeishi naye aende pia, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kama mzee huanguka, huota kwa kupiga mateke usiku, au huzungumza na watu wasiokuwepo. Video fupi ya simu ikimwonyesha akitembea na kugeuka inaweza kumsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa. Mgonjwa aliye chini ya miaka 40 aulizie pia kipimo cha shaba mwilini, kwani kuna ugonjwa wa kurithi, wa Wilson, unaotibika ukiwahiwa.

Daktari akiandika picha, swali la kumuuliza ni hili: unatafuta nini, na matibabu yatabadilika vipi ukikiona au usipokiona? Daktari mzuri halichukii swali hilo. Ofisi ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyo hospitalini iulizwe mapema kama picha hiyo inagharimiwa na kama inahitaji idhini kabla ya siku ya kipimo.

Kwa MRI, fundi aambiwe kama mgonjwa ana kifaa cha kusukuma moyo, chuma kilichowekwa mfupani au kipande cha risasi mwilini. Aambiwe pia kwamba mgonjwa hutetemeka. Kichwa kinachotikisika hutia ukungu picha nzima, na zipo njia za kukituliza, kuanzia mito ya kukibana hadi dawa ya usingizi mwepesi.

Baada ya kipimo, familia iombe nakala ya picha kwenye CD pamoja na ripoti ya maandishi, na izihifadhi mahali pakavu. Ripoti peke yake haitoshi, kwa kuwa daktari wa neva hutaka kupima mwenyewe unene wa shina la ubongo. Picha ya leo ambayo haikuonyesha kitu inaweza kuwekwa kando ya nyingine itakayopigwa mwaka mmoja au miwili baadaye, na ile tofauti ya milimita chache kati ya hizo mbili ndiyo mara nyingi humwezesha daktari kusema kama ni PSP, MSA au Parkinson.